Samaki Wasilale Njaa

Bi Harusi alikitikisa kichupa kwa nguvu, akakiweka kwenye kizingiti cha dirisha, akasubiri. Maji aliyoyachota kwenye tangi la samaki yalianza kugeuka rangi. Yalikuwa ya njano kwanza, yakapita kwenye rangi ya chungwa bila kusimama, yakatulia kwenye wekundu mzito, wa damu iliyoanza kuganda. Akachukua kadi ya rangi iliyokuja na dawa ya kupimia, akaisogeza karibu na kichupa. Kazi yake ilikuwa kutengeneza meno ya bandia, na kutwa nzima alishinda akilinganisha weupe wa jino moja na weupe wa jino jirani, kwa hiyo jicho lake halikuwa la kubabaishwa. Wekundu ule haukuwemo kwenye kadi. Kadi ilikuwa imeishia nyuma yake.

"Vipi?" baba mkwe aliuliza kutoka kwenye kochi.

"Bado, baba. Umezidi hata ule wa juzi."

Baba mkwe aliguna. Alikuwa mkaguzi wa mizani mstaafu, mtu wa maneno machache, na siku aliyostaafu alijinunulia tangi lile kama zawadi. Lilikaa ukutani sebuleni, chini ya picha za familia, la kioo kinene, lenye urefu wa mtu mzima aliyelala. Ndani yake samaki wa dhahabu wenye mikia kama kitambaa cha shela walikuwa wakihema juu juu. Mmoja aliogelea ubavu. Mwingine alikuwa ametulia juu ya kokoto, anafungua mdomo na kufumba, kama mtu aliyesahau neno alilotaka kusema.

Harusi yenyewe ilikuwa imepita zamani kidogo, lakini jina lilikuwa limemganda. Mama mkwe alimwita Bi Harusi, majirani wakamwita Bi Harusi, na hata mumewe, aliyekuwa mwalimu wa udereva, alimwita hivyo alipotaka kumtania. Tangi lilimwangukia yeye tangu wiki ya kwanza. Kabla yake lilikuwa kazi ya Binamu, mwanamke wa makamo, mtoto wa shangazi yake mama mkwe, aliyeishi nao miaka mingi na kufanya kila kitu. Bi Harusi alimkumbuka kwa mbali. Siku alipoletwa kutambulishwa kwa wakwe ndiye aliyewaletea wageni maji ya kunawa, akatabasamu, akaondoka kinyumenyume. Harusi ilipokwisha, Bi Harusi alipomuulizia, mama mkwe alimjibu, "Binamu ameaga," naye akaelewa kwamba amerudi kwao.

Alikwenda dukani kwa muuza samaki wa mapambo, bwana mnene mwenye mikono iliyokunjamana kwa kukaa majini. Bwana yule alimsikiliza huku akimwokoa kamba mdogo kwenye bomba la kichujio.

"Hiyo ni nitrati," alisema. "Samaki anakula, anachafua. Chakula kinabaki, kinaoza. Uchafu unageuka kitu kingine, kile nacho kinageuka kingine, mwisho wa yote inabaki nitrati. Huioni, huinusi. Inakaa tu humo inajumlishana."

"Naiondoaje?"

"Badilisha sehemu ya maji, usibadilishe yote, utawaua kwa mshtuko. Maji ya bomba yalaze kwenye ndoo kwanza. Pima na hayo ya bomba, usije ukawa unamwaga sumu kwa sumu. Vuta uchafu ulio chini ya kokoto kwa mpira. Weka mimea, mizizi inaila hiyo nitrati kama mbolea. Na chakula punguza. Unawalisha mara ngapi?"

"Mara moja tu, asubuhi kabla sijaenda kazini. Kidogo sana."

Muuza samaki akamtazama usoni. "Hapana, dada. Kwa chakula cha mara moja tangi haliwezi kufika huko. Ama kuna mtu mwingine anawalisha, ama kuna kitu kimekufa humo ndani na hamjakitoa."

Alifanya yote. Alipima maji ya bomba, yakawa safi. Alilaza maji kwenye ndoo bafuni mpaka mumewe akalalamika kwamba hana pa kuweka mguu anapooga. Alizamisha mpira kwenye kokoto, akavuta kwa mdomo mpaka maji yakaanza kutiririka yenyewe, na uchafu ukatoka mweusi kama masizi. Alipanda mimea yenye majani marefu. Alipima tena. Wekundu ulishuka siku ile, kesho yake jioni ukawa umerudi palepale. Juu ya maji kulikuwa na vipande vya chakula ambavyo hakuviweka yeye.

Aliwauliza watu wa nyumbani mmoja mmoja. Baba mkwe alisema hajawahi kugusa kile chakula, kinanuka. Mama mkwe, mwalimu mkuu wa zamani ambaye bado aliuliza maswali kama anasahihisha, alisema, "Mimi na samaki wapi na wapi?" Wifi yake, binti wa mwisho wa nyumba, alikuwa anachumbiwa na hakuwa na akili ya samaki. Mume alicheka.

Basi siku moja Bi Harusi aliomba ruhusa kazini, akarudi mapema, akaketi kwenye kiti cha pembeni sebuleni bila kuwasha taa.

Jua lilipoanza kuzama, ukungu ulitanda kwenye kioo cha tangi, kwa ndani. Pampu iliendelea kutoa mapovu. Kutoka kwenye korido inayokwenda chumba cha nyuma akaja Binamu, amevaa gauni la nyumbani na kanga kiunoni, miguu peku. Alitembea taratibu, mkono wa kulia ameushikilia ubavuni chini kidogo, kama mtu anayezuia kitu kisidondoke. Alichukua kopo la chakula, akalifungua, akamimina, kisha akatia mkono majini kukitawanya. Samaki walipanda wote, hata yule aliyekuwa akiogelea ubavu, wakamnyonya vidole. Mkono ulikuwa umezama majini mpaka kwenye kifundo, lakini uso wa maji haukutikisika.

"Shikamoo, Binamu," Bi Harusi alisema.

"Marahaba, Bi Harusi. Upo gizani?" Sauti yake ilikuwa kama ya mtu anayeongea chumba cha pili.

"Nilikuwa nataka kuona nani anawalisha samaki."

"Ni mimi. Mama alisema wasilale njaa. Kila nikija nawakuta na njaa, basi nawaongeza."

"Unaumwa?"

"Hapa tu." Akagusa pale mkono ulipokuwa. "Pananichoma kama kuna kaa la moto. Lakini nimeshapazoea." Akafunika kopo, akalirudisha mahali pake, akapangusa meza kwa kiganja. Kisha akamgeukia. "Samahani nikuulize. Harusi imeshapita?"

Bi Harusi alitazama pete kidoleni mwake. "Imepita."

"Ah, afadhali." Uso wa Binamu ulinyooka. "Niliambiwa nivumilie, harusi ikipita nitapelekwa hospitali. Nimekuwa nasikia wanakuita Bi Harusi, Bi Harusi, nikajua bado shughuli haijaisha."

Akasimama kidogo, kama anayesubiri mtu achukue funguo za gari. Hakuna aliyechukua. Akarudi koridoni, na ukungu ukatoka kwenye kioo.

Wakati wa chakula, Bi Harusi aliwaeleza. Hakuna aliyeacha kula. Mama mkwe alitafuna mpaka akamaliza tonge lake, akapangusa vidole.

"Kumbe ni yeye," alisema. "Nilikuwa nasikia kopo likifunguliwa. Basi ndiye anayewavimbisha samaki wa watu. Hajawahi kujua kipimo, tangu zamani."

"Mama, alikufa?"

"Nilikwambia ameaga. Sikukudanganya."

Bi Harusi alimgeukia mumewe. Mume alikuwa akipanga miiba ya samaki pembeni mwa sahani yake, mmoja karibu na mwingine, kama anaegesha magari.

"Ilikuwa wiki ya harusi," baba mkwe alisema hatimaye, kwa sauti ya kusoma mizani. "Nyumba imejaa wageni mpaka kwenye ngazi. Alianza kulalamika tumbo. Mama yako akampa maji ya moto anywe."

"Na chupa ya maji ya moto ya kujikandia," mama mkwe aliongeza. "Usiseme kama vile sikumfanyia kitu."

"Na gari?" Bi Harusi aliuliza.

"Gari lilikuwa na mimi," mume alisema. "Nilikuwa nakwenda kuchukua keki. Alikuja mpaka dirishani, akaniuliza kama napita njia ya hospitali. Nikamwambia siendi upande ule. Kweli sikuwa nakwenda upande ule."

Binamu alikufa asubuhi ya siku ya harusi, Bi Harusi alipokuwa kwao akipakwa hina na kusukwa. Walifunga mlango wa chumba cha nyuma, na ufunguo mama mkwe akautia kwenye mkoba wake mdogo wa dhahabu, akaenda nao ukumbini. Katika video ya harusi mkoba huo unaonekana vizuri, anaupunga anapocheza. Maharusi walipoondoka kwenda mapumzikoni, Binamu alitolewa kwa mlango wa nyuma, akazikwa na watu wachache. Mtoto wake wa kiume, anayefanya kazi mbali, alipelekewa habari kwamba mama yake alilala na hakuamka.

"Ningefanya nini?" mume alimuuliza mkewe walipobaki wawili jikoni. "Ningekusimamisha mlangoni na shela lako nikwambie kuna maiti ndani?"

"Ungemwambia apande gari."

Mume alichukua kitambaa akaanza kukausha vikombe ambavyo vilikuwa vikavu.

Kesho yake jioni mama mkwe mwenyewe aliketi mbele ya tangi na miwani yake. Ukungu ulipotanda na Binamu alipotokea, alimkaribisha kwa jina, akamwonyesha kwa vidole viwili.

"Kiasi hiki. Unaona? Hiki tu. Wamalize wakati unawaangalia."

"Ulisema wasilale njaa, dada."

"Ndiyo, wasilale njaa. Lakini na wasivimbiwe. Hiki chakula kikizidi kinaoza, kinageuka sumu. Muulize Bi Harusi, ndiye anayepima."

"Sikujua. Nisamehe."

"Basi, hayo yamepita. Na kwa kuwa upo, maji nayo uwe unabadilisha. Ndoo zipo bafuni."

Binamu alikwenda kuzichukua. Alibeba kwa mkono mmoja, ndoo moja moja, kwa kuwa mkono wa kulia haukuweza kuachia ubavu. Alipofika kwenye kokoto hakutumia mpira. Aliingiza mkono kupitia kioo, akapapasa chini kabisa, akatoa uchafu kwa kiganja bila tope kuvurugika, kama mtu anayechambua mchele. Samaki walimzunguka mkono. Mimea aliyoipanda Bi Harusi, iliyokuwa imeanza kunyauka, ilinyanyua majani kila alipoiinamia.

Wiki hiyo rangi kwenye kichupa ilishuka kutoka wekundu hadi chungwa. Wiki iliyofuata ikawa ya njano iliyokolea, halafu njano nyepesi, ya kwanza kabisa kwenye kadi. Bi Harusi alikisogeza kichupa dirishani mara mbili kuhakikisha. Maji yalikuwa safi kiasi kwamba samaki walionekana wananing'inia hewani. Yule wa ubavu alinyooka. Baba mkwe alivuta kiti chake karibu na tangi, akawa anashinda hapo ameweka mikono juu ya magoti, mwenye raha zake.

Ila kila jioni Binamu alipomaliza kufunika kopo aliuliza swali lilelile, kama harusi imeshapita, na kila jioni Bi Harusi alimjibu huku akigeukia kichupa chake.

Siku aliyoshindwa kuvumilia alimwambia, "Twende, Binamu. Twende sasa hivi."

Alichukua gari la mumewe, lile la kufundishia, lenye kibao juu na breki mbili. Binamu alikaa kiti cha nyuma, ndiko alikozoea kukaa na mizigo. Njiani alitazama maduka yakiwasha taa, na kila gari liliporuka tuta alifumba macho. Kioo cha upande wake kilikuwa na ukungu.

Mapokezi hospitalini, muuguzi alimwekea kipimajoto kwapani, akakitoa, akakipiga piga, akakirudisha.

"Huyu hana joto," alisema.

"Hana," Bi Harusi alikubali. "Ameshakufa."

"Lini?"

"Siku ya harusi yangu."

"Hongera," muuguzi alisema. "Kaeni pale, daktari atawaita."

Daktari alikuwa mwanamke kijana mwenye macho ya kukosa usingizi. Alimlaza Binamu kitandani, akamwambia atoe mkono ubavuni. Binamu aliutoa kwa shida, kidole baada ya kidole, kama umeshonewa pale. Daktari akabonyeza taratibu, kisha akaachia ghafla, na Binamu akauma ncha ya kanga yake.

"Kidole tumbo," daktari alisema. "Kimepasuka. Hii ni operesheni ya kawaida kabisa, tunafanya kila siku. Angeletwa siku ile ile, saa hizi angekuwa anapika."

"Na sasa?"

"Kuishi, hapana. Ila maumivu tunaweza kumwondolea. Tunafungua, tunasafisha kilichooza, tunashona. Akitoka hapo analala kweli. Hamtamwona tena." Alivua glavu. "Lakini siwezi kumgusa hivi hivi. Mgonjwa aliyekufa anatibiwa kwa maelezo. Aje mtu wa nyumbani aliyekuwepo, asimame hapa mbele yake, aseme maumivu yalianza lini na kwa nini hakuletwa. Basi. Haitachukua muda mrefu."

"Mimi siwezi kusema?"

"Ulikuwepo?"

"Nilikuwa napakwa hina."

"Basi wewe huwezi."

Binamu alirudisha mkono wake ubavuni, akajifunga kanga vizuri, akamshukuru daktari. Kwenye gari alisema, "Daktari mzuri. Mikono yake laini." Walipofika nyumbani alipitia mlango wa nyuma.

Mama mkwe alisikiliza habari yote akiwa amesimama, mkono mmoja kwenye kiti.

"Niende nikasimame hospitali niseme nini, mwanangu? Niseme nilikuwa nacheza? Mtaa huu nusu yake nimewafundisha mimi kusoma. Na wifi yako anachumbiwa na watu wanaojiheshimu, wanauliza uliza habari zetu kila mahali."

"Si lazima iwe wewe. Baba anaweza."

Baba mkwe hakugeuza kichwa kutoka kwenye tangi. "Samaki hawa," alisema, "hawajawahi kuwa wazima namna hii."

"Posa ipite kwanza," mama mkwe akakata kauli. "Posa ikipita, tutakaa kama familia tuone. Mwambie avumilie kidogo tu."

Usiku chumbani Bi Harusi alimgeukia mumewe. Mume alisema atakwenda yeye, atakwenda Jumatatu, ataeleza kila kitu, hata habari ya keki. Aliyasema huku ameshika mkono wake, na yeye akamwamini, akalala. Jumatatu kulikuwa na mwanafunzi anayefanya mtihani wa barabarani. Jumatatu ya pili mwanafunzi yule alikuwa amefeli na anarudia. Ya tatu Bi Harusi hakuuliza, na mume naye hakusema, wakala chakula cha jioni wakiongea habari ya mapazia.

Jioni Binamu aliuliza, "Wanasemaje?"

"Wanasema posa ipite."

"Posa ya mtoto wetu yule mdogo?" Akatabasamu. "Nilimbeba mgongoni huyo. Basi si mbaya. Posa si kama harusi, posa ni jambo la siku moja."

Naye akaanza kuja mapema zaidi, kwa sababu maandalizi yalikuwa mengi. Kwanza ilikuwa vyombo. Halafu mama mkwe akamwambia mapazia yanataka kupigwa pasi, akayapiga. Pasi mkononi mwake haikupata moto lakini mikunjo iliondoka, na mapazia yakawa ya baridi ukiyagusa. Siku moja Bi Harusi alirudi kutoka kazini, nywele na kope zimejaa vumbi la plasta, akakuta koti lake la kazi la akiba limefuliwa, limekunjwa juu ya kitanda. Alilichukua mpaka kwenye korido.

"Binamu, hili si lako kufanya. Wewe mgonjwa."

"Niache tu, mwanangu. Nikikaa bila kazi ndipo panaposhika."

Bi Harusi alisimama na lile koti mkononi. Alikuwa amechoka, miguu inamwaka moto, siku nzima alikuwa amechonga taji la jino la mbele la mtu asiyeridhika. Koti lilinukia sabuni na ubaridi wa chumba kilichofungwa. Alisema asante. Kesho yake aliliacha lile chafu kwenye kapu, naye alijua kwa nini analiacha pale, akaondoka haraka kabla hajajiuliza zaidi.

Siku ya posa wageni walifika na magari mengi. Wazee wa upande wa bwana walikuwa watu wa tai na viatu vinavyong'aa, na mama wa bwana harusi mtarajiwa alikuwa mwanamke mrefu mwenye kicheko cha pole. Waliingia sebuleni na wote wakaenda moja kwa moja kwenye tangi. Hapakuwa na namna ya kutolitazama. Maji yalikuwa kama hayapo. Kioo kilikuwa kimesuguliwa mpaka mzee mmoja akanyoosha mkono kumgusa samaki, akajigonga vidole, watu wakacheka.

"Siri yenu nini?" mama wa bwana aliuliza. "Sisi la kwetu linageuka kijani kila mwezi."

"Nitrati," baba mkwe alisema kwa fahari, akaeleza habari za maji ya kulala na mizizi ya mimea, maneno mengi kuliko aliyowahi kuyasema kwa mwaka.

Binamu alipita na trei ya vinywaji katikati ya wageni. Walipokea glasi, wakasema asante. Mgeni mmoja alimwambia mwenzake kwamba nyumba hii ina kiyoyozi kizuri. Mama wa bwana alimfuatilia kwa macho mpaka alipoingia jikoni.

"Yule dada anatembea kama anaumwa," alisema.

"Anaumwa kidogo," mama mkwe alijibu. "Tutampeleka."

Posa ilikubaliwa. Vigelegele vilipigwa, wifi akaitwa, akavalishwa pete, akalia kidogo na kufutwa machozi kwa uangalifu ili rangi isiharibike. Kisha mama wa bwana, hali ameshika mkono wa mama mkwe, alisema isicheleweshwe, harusi ifanyike mapema, kabla mtoto wake hajasafiri kikazi. Watu wakashangilia. Bi Harusi alitazama mlango wa jikoni. Binamu alikuwa amesimama pale na trei tupu, anapiga makofi kwa kugonga trei pajani, maana alikuwa na mkono mmoja tu wa kupigia.

Bi Harusi alimwendea. Alikuwa amekusudia kumwambia mwenyewe, kwa maneno yaliyo sawa.

"Umesikia?" alimuuliza.

"Nimesikia. Harusi tena. Mungu awape heri." Binamu alimtazama usoni muda mrefu, kwa macho yasiyopepesa. "Basi acha nivumilie."

Bi Harusi alifungua mdomo. Sebuleni mumewe alikuwa anamwita aje, kila mtu anamsubiri yeye. Aligeuka akaenda.

Walikuwa wanajipanga kupiga picha. Familia zote mbili zilijibana mbele ya tangi, wazee wamekaa, wanawake nyuma yao, wachumba katikati, samaki wa dhahabu wakielea juu ya vichwa vyao. Baba mkwe alirekebisha kola. Mama mkwe akamvuta Bi Harusi, akamsimamisha ubavuni kwake, akamkumbatia kiunoni. Ikaonekana kwamba mume, aliyetakiwa kuwapiga kwa simu yake, naye yumo ndani ya picha, na hakuna aliyetaka kutoka. Watu wakacheka, wakatazamana. Ndipo mume akanyoosha mkono juu ya vichwa vya watu, akampa Binamu simu, akamwonyesha pa kubonyeza.

Picha ni nzuri. Imetundikwa sebuleni pamoja na nyingine, na kila mtu ndani yake anacheka. Imeinama tu kidogo upande mmoja, kwa kuwa aliyeipiga alishika simu kwa mkono wa kushoto peke yake.